Karakana ya Mlango Mmoja

Feni zilipozimika, wa kwanza kutukana alikuwa Koplo.

"Wametukatia umeme hawa! Inspekta, wanataka tutoke wenyewe kama panya waliotiwa moshi."

Inspekta hakumjibu, maana tochi ilikuwa mdomoni. Alikuwa amelala chali chini ya kichwa cha treni, kile kichwa kidogo cha betri ambacho asubuhi hiyo kiliteremka handakini na mabehewa yaliyojaa mawe, kikakataa kusimama, kikambana Mzee Shaba, fundi mkuu wa karakana, kwenye ukuta wa zege kule chini. Mzee alikufa palepale. Kichwa kilivutwa na kurudishwa karakanani, na karakana yenyewe, jamani, ilikuwa pango tu lililochongwa ubavuni mwa handaki, mlango mmoja, reli moja, ukiingia umeingia. Nje ya mlango huo ni handaki. Upande wa juu handaki linaishia kwenye mwamba, na upande wa chini kuna lango la vyuma. Nyuma ya lango walisimama nusu ya wachimbaji wa machimbo yale, wakiongozwa na mjane wa marehemu, na walikuwa wakidai kitu kimoja tu: wapewe dereva.

Dereva mwenyewe alikuwa ameketi juu ya gurudumu la nyaya, pingu mikononi, macho chini. Kazini walimwita Taratibu, kwa jinsi alivyoendesha, mpaka wenzake walikuwa wakimtania kwamba mawe yanaota majani kabla hajafika nayo. Huyo ndiye leo anayeambiwa ameua kwa mwendo kasi. Isitoshe, marehemu ni baba mkwe wake, aliyemwozesha binti yake wa pekee. Juzi binti alionekana akirudi kwao na begi, na jana dereva na mzee walisikika wakifokeana humu humu karakanani. Sasa watu wa langoni wapelelezi wa nini tena? Walishamaliza kesi, wakahukumu, ilibaki kutekeleza tu.

Inspekta alijitoa chini ya kichwa, akajipangusa magoti. Machimboni hapo walikuwa wamekwisha kumpa jina, Bi Kwanini, na hawakumwonea.

"Mnyororo wa breki ya mkono umekatwa," Koplo alisema. "Nimeuona mwenyewe."

"Umeuona vibaya. Hebu njoo." Akammulikia. "Pete hii nusu yake ni kutu nyeusi, ya siku nyingi. Nusu inang'aa, hiyo ndiyo ya leo. Kwa nini chuma kilichooza nusu kikatike leo na siyo mwezi uliopita?"

"Kwa sababu leo kimevutwa kwa nguvu."

"Mtu anayetaka kuua anavuta breki mpaka mnyororo ukatike?"

Koplo alikuna kidevu. "Labda aliuvuta akishagonga. Ili aonekane kavuta."

"Hiyo nayo ni akili. Iweke, tutaitazama."

Akamgeukia dereva. Hewa ilikuwa imeanza kuwa nzito, kila mtu akivuta pumzi ya mwenzake.

"Taratibu."

"Naam, mama."

"Hii breki ya umeme, asubuhi uliivuta au hukuivuta?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha, mama. Kosa ni langu."

"Sikukuuliza kosa ni la nani. Nimekuuliza uliivuta?"

"Andika tu kosa ni langu."

"Mke wako amerudi kwao kwa nini?"

Hapo kijana alicheka, kicheko kikavu kisicho na raha ndani yake. "Ana mimba, mama. Amekwenda kwa mama yake apumzike. Watu wa hapa wakiona begi wameona talaka."

"Na jana mligombania nini na mzee?"

Kule mbali lango lilipigwa jiwe, mlio ukaja handakini ukijirudia mpaka ukawafikia miguuni. Taratibu akarudi kutazama chini, na Inspekta akajua kwamba kwa upande huo mlango umefungwa.

Aliyebaki kuulizwa ni Injinia, kijana mwembamba wa kofia ngumu, ambaye tangu waingie alikuwa amesimama karibu na kichwa kama mzazi wodini. Ndiye aliyefunga sanduku la breki ya umeme miezi michache nyuma, na tangu asubuhi alikuwa akisema neno moja: sanduku langu ni zima.

"Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako," Inspekta alimwambia.

"Shangazi yangu ana hasira, mama."

"Basi tumefanana. Eleza."

"Hiki kichwa zamani kilikuwa na viatu vya chuma vya kusugua magurudumu. Vilikuwa vinaisha kila siku kwa ule mteremko, tukaviondoa. Sasa mota yenyewe ndiyo breki. Dereva akikata umeme, magurudumu yanaendelea kuizungusha mota, na mota inayozungushwa haili umeme tena, inauzalisha. Sanduku linaupeleka umeme huo kwenye vile vyuma pale juu, vinachemka, basi. Kuzalisha umeme ni kazi nzito, na uzito huo ndio unaoshika magurudumu. Ile ya mkono tuliiacha ya kuegeshea tu."

"Na kama sanduku limekufa?"

"Halijafa! Betri bado ina nguvu, tujaribu hapa hapa."

Koplo alikohoa. "Inspekta, mnataka kuwasha hicho kitu kilichoua mtu, ndani ya shimo, na breki ya mkono haina mnyororo?"

"Ndiyo. Na wewe utapanda."

Walilaza mataruma mawili ya mbao juu ya reli, moja upande wa juu wa mlango na moja upande wa chini, yawe ya kuzuia mambo yakiharibika. Injinia hakuwahi kupata kibali cha kuendesha, kwa hiyo Inspekta alimfungua Taratibu pingu. Kijana akapanda bila kusema, akashika mkono wa kuendeshea kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kikombe cha chai ya moto. Kichwa kilikuwa kimeingizwa pua mbele, kwa hiyo kutoka ni kurudi nyuma. Kikaguna, kikaanza kurudi, kikapita mlangoni, kikaingia handakini.

"Vuta," alisema Inspekta.

Breki ilishika. Tena ilishika vibaya mno, Koplo akajigonga paji la uso kwenye nguzo akamtaja marehemu bibi yake. Juu yao vyuma vilitoa harufu ya vumbi linaloungua.

"Si nilisema!" Injinia alirusha ngumi hewani. "Ni zima kabisa! Si nilisema?"

Kisha akaona nyuso za wenzake, naye mkono ukamshuka polepole. Kama breki ni nzima, basi asubuhi haikuvutwa. Na asiyeivuta ni mmoja tu.

Koplo alizitoa pingu kiunoni huku akijishika paji la uso. Taratibu naye akanyoosha mikono yote miwili, kabla hajaambiwa.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta. Ameshafunga wezi, ameshafunga wauaji, na kila mmoja, hata aliyekutwa na kisu mkononi, aliificha mikono kidogo. Huyu alikuwa anaikimbilia pingu.

"Subiri, Koplo. Injinia, kwa nini tumejaribu tukirudi nyuma?"

"Karakana ina mlango mmoja, mama. Utatokaje?"

"Na asubuhi waliijaribu?"

"Waliijaribu. Mzee na dereva, hapa hapa mlangoni. Ndiyo desturi yao tangu enzi za viatu vya chuma: kichwa kikitoka matengenezo, kinajaribiwa kikitoka. Kikishika hapa kimepona, kinakwenda kazini. Mashahidi wapo, wanasema kilishika kama kupe."

"Kikatoka hapa nyumanyuma, kikashika. Na mteremkoni kilishuka vipi?"

"Pua mbele, mabehewa yako nyuma."

"Basi twende mbele."

Taratibu hakusogea. "Mama," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kutetemeka, "haina haja. Nimeshakwambia kosa ni langu."

"Nenda mbele, mwanangu. Polepole kama jina lako."

Kichwa kikaenda mbele, mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. "Vuta," alisema Inspekta. Taratibu akavuta. Mshale wa kipimo cha umeme uliruka kidogo, ukacheza, ukalala sifuri. Kichwa kikaendelea tu. Akavuta tena mpaka mwisho, mishipa ya shingo ikamsimama, na kichwa kikaendelea kama hakijaambiwa kitu, mpaka magurudumu yakapanda taruma, mbao ikalia, kikasimama hapo kimeinama upande. Koplo alikuwa amekwisha ruka zamani.

Taratibu akashuka, akarudi karakanani, akaketi tena juu ya gurudumu la nyaya.

Injinia alishuka polepole, uso umemgeuka rangi. "Haikupaswa kushika," alinong'ona.

"Haikushika bwana, tumeona wote," alisema Koplo akiwa chini.

"Siyo sasa. Mwanzo, kurudi nyuma. Haikupaswa kushika kurudi nyuma!" Akaivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Sanduku nimelitengeneza kwa upande mmoja tu, wa kushuka. Kupanda hakuhitaji breki, mlima wenyewe ni breki. Niliwaambia mafundi, hii inashika kushuka. Ila sikuwaambia kwamba haishiki kurudi. Sikuona haja. Mimi mjinga, mimi!"

"Jilaumu baadaye. Nini kimegeuka?"

Injinia alifungua kifuniko cha mkono wa kuendeshea kwa ufunguo aliouning'iniza shingoni. Ndani, katikati ya nyaya zilizojaa vumbi, mbili zilikuwa zimepishana, na juu yake mkanda mweusi mpya ukang'aa kwenye tochi.

"Hizi hapa. Mota ilisukwa nyaya upya wiki hii, na wakati wa kuifunga, ncha za koili za sumaku zikaunganishwa kinyume. Mota ikawa inakwenda nyuma ukiiambia mbele. Dawa yake ni kuifungua tena na kugeuza mlemle ndani. Kazi ya siku nzima. Mtu akaona achukue njia ya mkato, akageuza hizi mbili hapa. Mbele ikawa mbele, nyuma ikawa nyuma, macho yakaridhika. Lakini sanduku langu halipiti hapa, mama. Limefungwa moja kwa moja kwenye mota."

"Kwa nini breki ife?"

"Ukikata umeme, ndani ya mota inabaki sumaku kidogo sana, kama kaa la moto chini ya majivu. Umeme wa kwanza unaozaliwa ukipita upande ule ule wa sumaku, unalipuliza kaa, linawaka, breki inashika. Ukipita kinyume, unalimwagia maji. Na ukiisha kulizima, vuta mpaka kesho."

Inspekta alielewa. Aliiona asubuhi yote: wanatoka nyumanyuma, breki inashika, wanapongezana, wanapanda kupakia, wanashuka pua mbele na mzigo, na kijana anavuta breki ambayo haipo, halafu ya mkono, na mnyororo uliooza nusu unamkatikia. Na kule chini Mzee Shaba amesimama kando ya reli, ili aisikie mota yake ikipita.

"Nani mwenye ufunguo wa kifuniko hiki?"

Injinia aliugusa ufunguo wa shingoni. "Watatu. Mimi. Mzee. Na dereva wa kichwa. Inspekta, naapa…"

"Ni mimi," alisema Taratibu kutoka ndani.

Wote wakamgeukia.

"Ni mimi niliyezigeuza. Nyekundu na njano. Nilizigeuza jana mchana, nikafunga na mkanda. Andika."

Na kweli, zilikuwa nyekundu na njano. Koplo alimtazama bosi wake kama anayesema, sasa unataka nini tena? Mtu amekiri, na anajua hata rangi. Inspekta alihisi kuta za handaki zimemsogelea. Amechimba siku nzima kumtoa huyu kijana shimoni, na kila alichochimba kimekuwa udongo wa kumfukia.

Akaingia karakanani, akaketi kwenye gurudumu la nyaya, karibu naye.

"Mota aliisuka nani?"

"Mzee."

"Mzee ameisuka, imetoka kinyume, halafu wewe dereva ukafungua kifuniko ukarekebisha, na yeye fundi mkuu amesimama anakutazama. Hata Koplo haamini hilo."

"Siamini," alisema Koplo, aliyekuwa ameanza kuliamini.

"Jana ulimfokea kwa nini, mwanangu? Wewe husikiki hata ukiita mbuzi."

Kijana alijaribu kujizuia. Kisha midomo ikamcheza, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. "Nilimwambia tumwite Injinia kwanza aangalie. Akasema yeye alikuwa anasuka mota Injinia bado ananyonya." Akavuta pumzi. "Mama, nakuomba. Yule hana mdomo tena. Alikuwa masikini wa kila kitu ila jina. Fundi Shaba! Mama mkwe amebakiwa na hilo jina peke yake. Nimvulie mkwe wangu nguo mbele ya watu, naye hajazikwa? Mimi nikifungwa nitatoka. Yeye hatatoka."

Inspekta alimwonea huruma. Lakini alijua jambo ambalo kijana hakulijua: hata maneno haya, akiyaandika, hayamsaidii. Mshtakiwa anayemtupia marehemu lawama! Wakili gani atalisema hilo mahakamani bila kuona haya? Nyaya zinasema nini kimetokea, hazisemi mkono wa nani. Injinia, dereva, mzee: mmoja amekufa, na wawili wana kila sababu ya kumsingizia.

Lango likapigwa tena, safari hii kwa chuma, na mawe madogo yakadondoka kutoka darini.

"Hewa inaisha, Inspekta," alisema Koplo kwa sauti ndogo. "Hata tochi inachoka."

"Twendeni langoni."

"Wote?"

"Wote. Taratibu atakaa nyuma yako. Wewe si mpana bure."

Walishuka handakini kwa miguu, wakikanyaga taruma baada ya taruma, mwanga wa lango ukikua na kelele zikikua nao. Nyuso zile za nyuma ya vyuma zilipowaona, zikalipuka. Mtoeni! Mtoeni huyo! Mjane alikuwa mbele kabisa, mwanamke mfupi, ameshika nondo mbili za lango kwa mikono miwili, kitenge kimemlegea begani hana habari nacho.

"Nataka kuzungumza na wewe, mama," alisema Inspekta.

"Zungumza na muuaji wako. Mimi niletee mkwe wangu."

"Pole sana kwa msiba."

"Pole haimfufui mume wangu."

"Haimfufui. Mimi sikumjua marehemu. Nimesikia tu hapa na pale kwamba alikuwa fundi. Wengine wananiambia alikuwa fundi wa kawaida tu."

Kelele zikapungua. Nyuma ya Koplo, Taratibu aliinua kichwa ghafla.

"Wa kawaida?" Mjane aliachia nondo moja, akajipiga kifuani. "Nani kasema? Mlete hapa! Mume wangu alikuwa anazisikia mota kama daktari anavyosikia moyo!"

"Mama," Taratibu aliita, "mama, usi—"

"Wewe nyamaza!" Akamrudia Inspekta. "Jana tu, jana hii! Amerudi nyumbani anacheka peke yake. Namuuliza, mume wangu, umekula nini huko? Ananiambia, mke wangu, mota imetoka inakwenda kinyume. Vijana wangeifungua yote, siku nzima wanahangaika. Mimi nimegeuza nyaya mbili tu pale kwenye mkono wa kuendeshea, kwisha! Mkwe wako ananipigia kelele eti tumwite Injinia. Akacheka mpaka akakohoa. Huyo ndiye unayemwita wa kawaida?"

Alisema kwa sauti ya juu, ili wote wasikie, na wote walisikia. Wachimbaji wawili watatu wakaitika kwa fahari, ndiyo, huyo ndiye Shaba. Inspekta hakuitika. Ushahidi alioutaka ulikuwa mkononi, mzima, mbele ya watu wote, na alijiona mwizi. Alikuwa amemwibia mjane mikononi mwake mwenyewe, tena kwa kumchokoza fahari yake.

Injinia aligeuka akautazama ukuta.

Mjane akamwona. Akamtazama Inspekta, akamtazama Koplo, na fahari ikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo.

"Kwani nimesema nini?"

Koplo aliishusha tochi chini.

"Nauliza, nimesema nini?"

"Hujasema kitu, mama," alisema Taratibu.

Alikuwa amejitokeza nyuma ya Koplo, amesimama mbele ya lango ambapo mkono wowote ungemfikia. Hakuna mkono uliomfikia. Mjane alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameishi na fundi maisha yake yote, na hakuhitaji Injinia wa kumweleza.

"Zile nyaya," alisema hatimaye, kwa sauti iliyokwisha. "Ni zile nyaya."

Inspekta alitikisa kichwa kukubali.

"Na huyu alijua?"

"Alijua."

"Tangu asubuhi watu wanamngoja na mawe, mimi namlaani na kizazi chake, na mtoto wa mwanangu yuko tumboni… na alijua?"

"Alikuwa anataka niandike ni yeye."

Mjane alifumba macho. Wale waliokuwa na mawe mikononi walikuwa wakiyaweka chini polepole, yasitoe mlio. Alipoyafumbua, alikishika kitenge chake, akajifunga vizuri, akamgeukia Koplo, aliyeshika funguo za lango.

"Fungua."

Lango likafunguka. Taratibu hakuthubutu kutoka. Alisimama pale pale kwenye kivuli, machozi yanamtiririka, mikono ameiacha imening'inia. Mama mkwe wake akaingia ndani, akamshika kiwiko.

"Toka, mwanangu," alisema. "Tuna maiti ya kubeba."